Damu ya Cheruto

Nakuru
9 Septemba 2025

Mzee Micah Chebon,

Pole tena kwa kuondokewa na mama. Jina langu ni Nikita Shantilal, wa maabara ya utafiti hapa Nakuru. Huenda unanikumbuka: msichana wa miwani aliyekuja wodini mwezi wa Juni na kisanduku cha buluu, akachukua damu ya Mama Cheruto mara nne. Gedion mwanao ndiye aliyetia sahihi ya kukubali, kwa sababu siku hiyo ya kwanza wewe ulikuwa bado njiani kutoka Kabazi.

Nimepiga simu yako mara tatu haikushikwa, ndiyo maana naandika. Tulichukua damu ili tuangalie seli nyeupe zinafanya nini mtu anapopigwa na kiharusi. Kazi hiyo imekwisha, na damu kidogo imebaki kwenye friza. Sasa tuna swali la pili: kwa nini wagonjwa wengi wa kiharusi hushikwa na nimonia siku chache baada ya kulazwa, hata wale waliokuja na mapafu mazima? Mama naye, kama unavyojua, ni nimonia iliyomwondoa siku ya sita.

Kwa swali jipya tunahitaji ruhusa mpya, na safari hii mume ndiye anayepaswa kutia sahihi. Fomu iko ndani ya bahasha. Ukikataa, hakuna atakayekuuliza sababu.

Wako kwa heshima,
Nikita Shantilal


Kabazi
21 Septemba 2025

Daktari Nikita,

Barua yako ilifika dukani na mwenye duka akaileta mwenyewe hadi shambani, akidhani ni ya benki. Nakukumbuka. Ulipokuwa ukimchoma sindano ulimwambia, "Mama, naomba mkono," ijapokuwa hakuweza kusema wala kuuinua. Watu wengine waliushika tu wakauvuta.

Simu niliiona ikilia. Nikiongea mambo ya Cheruto kwa mdomo koo hunikaba, lakini kwa kalamu naweza kusimama kidogo, nikaenda kuangalia ng'ombe, nikarudi nikaendelea. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba tu, kwa hivyo utanisamehe mahali ambapo sitaelewa.

Kama wewe ni wa Shantilal yule aliyekuwa akiuza vitambaa na nguo za baridi, basi mwaka wa 1994 nilimnunulia Cheruto sweta ya kijani pale kwenu. Mzee alinipunguzia bei nilipomwambia ni ya bibi harusi. Ilipochakaa aliifumua akafuma kofia ya mtoto.

Fomu nimeisoma. Kabla sijaandika chochote nina swali moja. Hiyo damu, mkiiangalia kwa mashini zenu, inaweza kusema mtu alikula nini siku zile?

Micah Chebon


Nakuru
2 Oktoba 2025

Mzee Micah,

Ndiyo, ni Shantilal huyo. Ni babu yangu. Nilipomsomea habari ya sweta alicheka, akasema anawakumbuka mabwana harusi wote waliolilia bei. Mimi si daktari wa kutibu, ni mtu wa maabara tu, lakini niite upendavyo.

Umeuliza kuhusu chakula. Nadhani una wasiwasi kwamba labda ni chumvi au mafuta ya miaka mingi yaliyomletea mama kiharusi. Tafadhali usijisumbue na hilo. Presha yake ilikuwa ya juu kwa muda mrefu bila kuonyesha dalili, na hilo huwapata watu wa kila namna ya chakula.

Acha nikueleze tunachotafuta. Donge la damu liliziba mshipa kichwani mwake, na sehemu ya ubongo ikakosa hewa ikaanza kufa. Ndani ya saa chache seli nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kulinda mwili, zilikimbilia pale. Zilikwenda kusaidia. Lakini zikifika kwa wingi hutoa kemikali kali, mahali pale panavimba na kupata joto, na hata sehemu ya ubongo iliyokuwa inaweza kupona inaumizwa. Siku kadhaa baadaye huja seli za aina nyingine, zenye kazi ya kusafisha na kutengeneza.

Jambo la ajabu ni kwamba wakati kichwani kuna vurugu hiyo, sehemu nyingine za mwili hubaki bila ulinzi. Katika damu, hesabu ya seli za kinga inashuka sana. Hapo ndipo wadudu wa nimonia hupata nafasi. Tukijua ni saa ngapi ulinzi unashuka, pengine tutajua nani wa kuangaliwa zaidi, na lini.

Wagonjwa waliotupa damu mara zote nne ni saba tu. Mama ni mmoja wao.

Nikita


Kabazi
14 Oktoba 2025

Daktari Nikita,

Nimekusoma mara mbili na nadhani nimekuelewa. Niambie kama nimekosea.

Mwaka mmoja ghala la jirani yangu Kipkemei liliwaka moto mchana. Sote tulikimbia. Wanawake walibeba maji, sisi tukang'oa mabati. Tulivunja mlango wa nyumba kubwa ambao hata haukuwa umeshika moto, na maharagwe ya mke wake tuliyakanyaga mpaka hakuna hata mche uliobaki umesimama. Tulizima. Kipkemei alisimama pale akasema, "Asanteni, lakini sasa sijui mmeniokoa ama mmenimaliza." Watu wakacheka, naye akacheka. Kesho yake watu walewale walirudi wakazoa majivu wakasimamisha nguzo mpya.

Lakini mchana ule, sote tukiwa kwa Kipkemei, wezi waliingia kwangu wakaswaga ndama wawili. Hakuna aliyewaona. Hakukuwa na mtu nyumbani.

Je, ndivyo ilivyokuwa mwilini mwa Cheruto?

Kuhusu fomu, nimefikiri na ninaomba jambo lingine. Naomba mnirudishie hiyo damu yote. Kwetu mtu huzikwa akiwa kamili, na damu yake kukaa mahali pengine kwa friza si vizuri. Nitaizika kando yake mwenyewe, hapa juu penye miti ya mikaratusi. Naomba isiangaliwe tena na mtu yeyote.

Usikasirike. Umekuwa mwema kwangu.

Micah Chebon


Nakuru
23 Oktoba 2025

Mzee Micah,

Sijakasirika. Damu ni ya Mama Cheruto na yenu, na una haki ya kuidai. Nimeweka alama kwenye friza kwamba vichupa vyake visiguswe. Mkubwa wangu anasema tunaweza kuvikabidhi baada ya kamati yetu kuweka muhuri, labda mwisho wa Novemba.

Naomba unifundishe. Ninaishi Nakuru tangu nizaliwe na sikujua desturi hiyo. Je, kuna maneno yanayosemwa? Kuna mtu wa ukoo anayepaswa kuja kuipokea? Sitaki tuitoe kama mzigo wa dukani. Na kama tumewakosea familia nyingine za Kitugen kwa kutojua, ni afadhali tujue sasa.

Habari ya ghala la Kipkemei nimewasomea wenzangu wote. Umeeleza vizuri kuliko mimi. Nitaongeza kitu kimoja tu: si kwamba walinzi wote wamekimbilia motoni. Ubongo wenyewe, ukiona jinsi wanavyokanyaga, hutuma amri kwa waliobaki: kaeni chini, msiongeze uharibifu. Wanatii. Na mwizi anaingia walinzi wakiwa wamekaa.

Nikita


Naivasha
3 Novemba 2025

Baba,

Habari ya nyumbani? Simu yako haishikwi, kwa hivyo natuma barua hii pamoja na gambuti na dawa ya ng'ombe uliyoomba. Mimi ni mzima. Maji ya ziwa yameingia tena mtaani kwetu Kihoto, safari hii mpaka kwa dirisha. Nimehamia kwa Owino tunayefanya naye kazi ya kufunga maua. Anakoroma kama trekta lakini chumba chake kiko juu, ni kikavu.

Sikutaka kukusumbua mpaka jambo liive. Nimeandika malalamiko kwa hospitali juu ya kifo cha Mama. Niliomba faili nikapewa nakala. Siku ya pili, saa saba na robo mchana, yule nesi Becky Wariara ameandika kwa mkono wake kwamba mgonjwa amepaliwa. Mama alikuwa amekatazwa kumeza hata maji. Sasa alipaliwa na nini? Mtu hapaliwi na hewa. Kuna kitu alipewa, na zamu ilikuwa ya huyo nesi.

Kamati ya hospitali inakaa tarehe 2 Desemba na ameitwa ajieleze. Watu wanasema anaweza kufutwa kazi. Nimewaambia pia yule dada wa maabara ana damu ya Mama, wakiitaka wamwombe. Nataka mtu mmoja tu akubali kwamba alikosea.

Najua wewe ni mpole, ungesema tuache. Mimi siwezi kuacha.

Mwanao,
Gedion


Kabazi
9 Novemba 2025

Daktari Nikita,

Hakuna desturi. Niliibuni. Watugen hawajakukosea na wewe hujawakosea. Naomba msamaha kwa kukuhangaisha kuuliza habari ya maneno ya kusema, maana ulipouliza kwa heshima namna ile nilikaa na barua yako mpaka chai ikapoa.

Nilitaka damu irudi kwa sababu niliogopa itanisema.

Siku ya pili nilifika saa sita na nusu wakati wa kuona wagonjwa. Sista Becky alinikuta mlangoni akaniambia kwa Kiswahili rahisi kabisa, "Mzee, koo lake halifanyi kazi bado. Asimeze kitu, hata tone la maji, mpaka tumpime." Nikasema nimesikia. Na nilikuwa nimesikia.

Ndani ya koti nilikuwa na chupa ndogo ya mursik. Wewe umekulia Nakuru kwa hivyo unaijua, maziwa yaliyolala kibuyuni na majivu. Cheruto mwenyewe ndiye aliyekuwa ameyatengeneza, wiki moja kabla. Kwa mama yangu, mgonjwa alipewa mursik kwanza kabla ya dawa yoyote. Akiikataa, watu walianza kuongea kwa sauti ya chini. Akiimeza, waligeuka wakaanza kumtania. Sikuwa nimekwenda kumlisha, Daktari. Nilikwenda kuona kama ataikubali. Nilitaka kujua.

Alinitazama, akatazama koti. Nadhani alisikia harufu. Mdomo ulikuwa umeenda upande lakini aliufungua. Nikampa kijiko, akameza. Nikampa cha pili. Cha nne kilimpalia kidogo, nikangoja, akafungua mdomo tena. Nikampa mpaka vikawa sita. Cha sita alikohoa vibaya, uso ukabadilika rangi, na Sista akaja akikimbia. Akainua kitanda, akamgeuza, akanisukuma kando. Nilikuwa nimeficha chupa. Aliniuliza, "Kumetokea nini?" Nikasema, "Amekohoa tu."

Amekohoa tu. Hayo ndiyo niliyomwambia.

Nilirudi Kabazi jioni nikawaambia majirani kwamba Cheruto ataishi, ameikubali. Walipiga makofi. Siku nne baadaye alikufa na mapafu yamejaa.

Sasa Gedion amemshtaki yule Sista. Barua yake nimeikunja humu usome mwenyewe. Tarehe 2 Desemba anaweza kupoteza kazi kwa kijiko changu.

Nitasema, hilo nimeamua. Lakini kabla sijamwandikia mwanangu nataka kujua ninamwambia nini. Wewe una damu. Nilimuua mama yake? Niambie kama mtu mzima. Usinipunguzie bei.

Micah


Nakuru
17 Novemba 2025

Baba Gedion,

Nimechelewa kwa sababu sikutaka kukujibu kwa kukisia. Nilitoa karatasi zote za Mama nikazisoma moja moja, kisha nikakaa na daktari wetu tukazisoma tena. Vichupa sikuvigusa. Nilitumia tu vipimo vilivyokwisha kufanywa mwezi wa Juni kwa ruhusa ya kwanza.

Umetaka ukweli wote, basi sitaruka kitu.

Damu haiwezi kusema habari ya mursik. Haina njia ya kujua. Kama ungenyamaza, isingekusema kamwe.

Vijiko vile havikuwa salama. Mtu ambaye koo lake limelala, chakula kinaweza kuteremka kwenye pafu badala ya tumbo. Sista alikuwa sahihi kukukataza. Siwezi kukuambia kwamba havikuongeza chochote.

Lakini kuna mambo ambayo hukuyajua. Damu ya pili niliichukua mwenyewe saa mbili asubuhi ya siku ya pili, saa tano kabla ya kijiko chako. Tayari hesabu ya seli zake za kinga ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Walinzi walikuwa wamekwisha kukaa chini. Na saa tatu asubuhi joto lake lilikuwa limeanza kupanda, limeandikwa. Joto hilo linaweza kuwa lilitoka kwa uvimbe wa ubongo, linaweza kuwa ni nimonia ikianza. Hatujui. Wagonjwa wenye koo la namna hiyo hupaliwa hata na mate yao wenyewe wakiwa wamelala, bila mtu yeyote kuwapa kitu. Kiharusi chake kilikuwa kikubwa. Daktari wetu anasema angeshangaa kama asingepata nimonia, kwa kijiko au bila kijiko.

Kwa hivyo jibu langu ni hili: ulifanya kosa, na sijui kama kosa hilo lilibadilisha mwisho. Nadhani halikubadilisha. Sina hakika, na sitajifanya ninayo.

Sasa nikuambie kitu cha nyumbani kwetu. Babu alipigwa na kiharusi miaka tisa iliyopita, ndiyo sababu ninafanya kazi hii. Siku hiyohiyo nyanya yangu Bhanu alitoa chupa ndogo ya maji ya mto Ganga aliyoitunza kabatini, akaingia wodini akamdondoshea mdomoni. Kwetu maji hayo hupewa mtu anayeondoka duniani. Babu alipaliwa mpaka akawa wa buluu. Hakuna aliyemwambia daktari. Babu akaishi, na leo analalamika kwamba chapati ni ngumu. Babu yupo na Mama Cheruto hayupo, na kosa ni lilelile. Sijawahi kumweleza mtu hili nje ya nyumba.

Jambo la mwisho. Damu ya nne ilichukuliwa siku ya tano, siku moja kabla. Ndani yake zile seli za kusafisha na kutengeneza zilikuwa zimeshaongezeka, nyingi kuliko kwa wagonjwa wengine sita. Unakumbuka watu waliorudi kwa Kipkemei kuzoa majivu? Walikuwa wamefika. Mwili wake ulikuwa umeshaanza kujenga.

Barua ya Gedion ninairudisha. Kuhusu Sista Becky, mimi siwezi kuingia, lakini kamati hupokea barua. Ukileta mwenyewe nitakusindikiza hadi mlangoni.

Nikita


Kabazi
20 Novemba 2025

Gedion mwanangu,

Soma hii ukiwa umeketi, na Owino akiwa karibu.

Ulitaka mtu mmoja akubali kwamba alikosea. Ni mimi. Mama yako alipaliwa na mursik niliyompa kwa mkono wangu, baada ya Sista Becky kunikataza. Vijiko sita. Sista aliponiuliza nilificha chupa.

Yule dada wa maabara ameniandikia kila kitu na nimekunakilia barua yake nyuma ya karatasi hii, sehemu inayonilaumu na sehemu inayonitetea, zote. Uzisome zote mbili.

Jumatatu ijayo ninapeleka barua kwa kamati. Nitaitia sahihi jina langu lote. Ninakuandikia wewe kwanza ili usisikie kwa watu.

Nilikaa kimya miezi mitano nikikuacha umtafute mtu aliyekuwa akila ugali na wewe meza moja.

Baba yako


Naivasha
4 Desemba 2025

Baba,

Barua yako niliisoma nusu nikaiweka chini ya godoro siku tatu. Owino akaniuliza kama nimefukuzwa kazi.

Nilikwenda Nakuru tarehe 2. Nimeondoa malalamiko na nimemwomba yule Sista msamaha. Alisema tu, "Pole kwa mama."

Sijui bado nikuambie nini. Krismasi nitakuja tuchimbe viazi. Usichinje kitu.

Gedion


Kabazi
16 Februari 2026

Binti yangu Nikita,

Umenyamaza na mimi nimenyamaza, lakini najua ni kazi, si hasira. Asante kwa kusimama nami pale mlangoni mwezi wa Novemba. Ulinishika kiwiko kama mtu anayevusha barabara, na nilihitaji.

Hukusikia yaliyotokea baadaye, kwa hivyo acha nikuambie. Nilipotoka ndani, Sista Becky alikuwa kwenye benchi akila ndizi. Nilianza maneno yangu niliyokuwa nimeyapanga njiani tangu Subukia. Akanikatiza. "Mzee, siku ile niliona tone lenye weusi kwenye shuka. Babangu mkwe ni wa Eldama Ravine. Najua mursik." Nikamuuliza kwa nini hakuniandika. Akasema, "Niliandika amepaliwa, nikamwita daktari, dawa ikaanzishwa saa hiyohiyo. Jina lako lisingebadilisha dawa." Nikamwambia lakini lingemwokoa yeye mwenyewe. Akatupa ganda la ndizi, akasema, "Hiyo sasa sikuifikiria vizuri," tukacheka sote wawili, mimi kwa mara ya kwanza tangu Juni.

Gedion alikuja Krismasi. Siku mbili tulichimba viazi bila neno ila "sogeza gunia." Siku ya tatu, akiwa ameinama, akauliza, "Alimeza vingapi vizuri?" Nikamwambia vitatu. Akauliza, "Alionekanaje?" Nikamwambia alifumba macho kama alivyokuwa akiyafumba redio ikitoa wimbo anaoupenda. Gedion alikaa pale mtaroni kwenye udongo akalia, nami nikakaa karibu naye. Kisha akasema viazi vya mwaka huu ni vidogo. Tangu siku hiyo hunipigia kila Jumapili, na simu naishika.

Fomu nimeitia sahihi, iko humu. Iangalieni damu yote mpaka iishe. Kama mnaweza kujua saa ambayo walinzi wanakaa chini, na mkaweka mtu mlangoni saa hiyo, basi mjue Cheruto angewapa na mkono mwingine.

Sasa jambo lililonifanya nichukue kalamu leo. Sista Becky aliniomba nije Alhamisi nikae na watu wakati wa kuona wagonjwa, wale wanaokuja na vyombo vya chakula. Anasema wakikatazwa na nesi huitikia tu, kama mimi. Nilikataa mara mbili. Alhamisi iliyopita nilikwenda.

Kulikuwa na mama mmoja wa Mogotio, Jepkemei, mume wake amelala kitandani, upande wake wa kulia hausogei. Alikuwa ameficha chupa ya uji kwenye leso. Niliijua mara moja kwa jinsi alivyokuwa akikaa, amejikunja upande mmoja. Nikavuta kiti.

"Mama, uji huo ni wa nani?"

"Ni wangu. Nina njaa."

"Mbona hunywi?"

Akanitazama juu na chini. "Na wewe mzee ni nani? Askari?"

"Hapana. Mimi ni mtu aliyemlisha mgonjwa wake."

Aliivuta leso akaifunika chupa. Kisha akauliza kwa Kitugen, polepole, "Na akawaje?"

Nikamwambia. Sikumwambia kwa barua, nilimwambia kwa mdomo, na koo halikunikaba. Nilimweleza moto wa Kipkemei, na wale ndama, na amri ya kukaa chini. Nikamwambia mume wake bado yupo, na kwamba leo watampima kumeza, na kama hawezi kuna mpira mwembamba wa puani utakaomshibisha mpaka koo liamke. Akasema, "Watu wa kwangu watasema nilimnyima." Nikasema, "Waambie waje waniulize Kabazi."

Alinipa ile chupa nimshikie.

Saa nane kasoro robo Sista Becky alikuja na kikombe cha maji na kijiko kimoja kidogo. Akamketisha yule baba wima, akamwekea vidole viwili kooni kwa nje, akampa nusu kijiko. Sisi wawili tulisimama miguuni mwa kitanda, na mama yule alinishika mkono wa koti bila kujua. Nilikuwa nikitazama koo tu. Lilitulia pale, muda ukawa mrefu mno, halafu likapanda na likashuka, safi, bila kikohozi. Sista akasema, "Tena." Likapanda, likashuka.

"Kesho tutajaribu uji mzito kidogo," akasema. "Lakini ni mimi nitakayempa."

Jepkemei akamwambia mumewe, "Umesikia? Kesho," na yule mzee, kwa upande wa mdomo unaofanya kazi, akatabasamu.

Alhamisi ijayo nitarudi.

Micah Chebon